Mama anaamka usiku kutafuta hewa: ni pumu, ni baridi, au ni moyo?

"Shikamoo daktari. Naandika kuhusu mama yangu. Ana miaka 58, anaishi kijijini Lushoto na mdogo wangu wa kike, mimi nafanya kazi Dar es Salaam. Tangu mwezi wa pili anaishiwa pumzi. Zamani alikuwa anapandisha kilima kutoka sokoni na ndoo ya viazi kichwani. Sasa anapumzika mara tatu njiani akiwa mikono mitupu. Usiku anakohoa, na mara mbili wiki hii ameamka ghafla akafungua dirisha kutafuta hewa, na baridi yote ile ya mwezi wa sita. Analalia mito mitatu. Jioni miguu inavimba. Duka la dawa walisema ni pumu, wakampa vidonge na sindano moja iliyomsaidia siku mbili tu. Miaka mitatu iliyopita alikutwa na presha, akatumia dawa kama miezi miwili, akaona amepona. Siku hizi anameza akiumwa kichwa. Magoti yanamsumbua, hutumia diklofenaki. Mwenyewe anasema ni baridi ya huku na uzee, na hospitali hataki kwa kuwa anaogopa kuwekewa oksijeni. Shangazi yetu aliwekewa wakati wa korona na hakurudi. Je, pumu inaweza kuanza ukubwani? Na naweza kusubiri mwezi wa nane nikipata likizo nimchukue nimlete Dar, au ni jambo la haraka?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalokimbizana na muda. Usisubiri mwezi wa nane. Mama aonwe na daktari wiki hii, na kwa haya uliyoandika ningefurahi zaidi ikiwa ni kesho asubuhi. Mdogo wako anaweza kumpeleka. Wewe utamkuta ameshaanza matibabu. Na kama usiku wa leo ataamka tena kutafuta hewa, akakaa kitako, dakika kadhaa zikapita na hali haitulii, basi safari ni usiku huohuo.

Sisemi hivyo kwa sababu ya neno "kuishiwa pumzi" peke yake. Kila mtu huishiwa pumzi. Mimi lifti ikiharibika kazini nafika ghorofa ya nne nahema kama nimefukuzwa, na sihitaji daktari, labda wa kunisuta kuhusu hiki kitambi. Kilichonishtua kwenye barua yako ni vitu vitatu ulivyovitaja kama mtu anayesimulia tu: ndoo ya viazi, mito, na dirisha.

Chukua ndoo ya viazi. Mgonjwa akiulizwa "unajisikiaje?" mara nyingi atakwambia hajambo, na hasemi uongo. Mwili hujipunguzia kazi kimyakimya. Leo anamtuma mtoto sokoni, mwezi ujao anaacha kuteka maji, baadaye anasogeza jiko karibu na kitanda, na kwa kuwa hafanyi tena kinachomchosha, hachoki. Ndiyo maana mimi huuliza: "Ni kitu gani ulikuwa ukifanya Idi iliyopita ambacho leo hukifanyi?" Mama yako ametoka kubeba ndoo hadi kupumzika mara tatu mikono mitupu, na hiyo ni miezi minne tu. Uzee hauendi mbio hivyo. Uzee humpunguza mtu mwaka hata mwaka, na haumwamshi saa nane usiku.

Mito sasa. Nilipokuwa daktari wa mafunzo kazini, waliniletea usiku mama mmoja wa umri kama wa mama yako, anahema, kifua kinapiga mluzi. Nikamwandikia dawa za pumu bila kufikiri mara mbili, nikajipongeza kwa haraka yangu. Asubuhi daktari bingwa alipopita wodini hakumgusa kwanza kifuani. Alimuuliza, "Mama, nyumbani unalalia mito mingapi?" Akajibu, "Miwili, na gunia la nguo chini yake." Bingwa akamfunua shuka miguuni, akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, akahesabu hadi tano, akaondoa kidole. Shimo likabaki pale, kama alama ya kidole kwenye unga wa chapati. Akanitazama tu. Dawa zangu za pumu ziliondolewa, akapewa ya kukojosha, na kufikia adhuhuri yule mama alikuwa amelala chali kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Tangu siku hiyo naanza na mito.

Kwa nini mito? Moyo ni pampu mbili zilizoungana. Upande wa kulia unasukuma damu kwenda kwenye mapafu kuchukua hewa. Upande wa kushoto unaipokea na kuisukuma mwili mzima. Upande wa kushoto ukichoka, damu inapanga foleni nyuma yake, na nyuma yake ni mapafu. Presha ndani ya mishipa midogo ya mapafu inapanda, maji ya damu yanaanza kuchuruzika kuingia kwenye nyama ya mapafu. Mapafu ambayo kawaida ni mepesi kama sponji kavu yanakuwa kama sponji iliyolowa: mazito, magumu kujaa. Figo nazo, zikiona damu inayozifikia ni kidogo, zinadhani mwili umeishiwa maji, zinaanza kubana chumvi na maji. Maji hayo huteremka mchana kwenda miguuni, ndiyo ule uvimbe wa jioni.

Mtu akilala, maji yale yanapanda tena. Karibu nusu lita ya damu iliyokuwa imetulia miguuni hurudi kifuani, na uvimbe nao unaanza kunyonywa taratibu kurudi kwenye mishipa. Moyo uliokuwa ukijimudu mchana sasa unaletewa mzigo wa ziada. Baada ya saa moja, mbili au tatu za usingizi, mapafu yanalowa, mgonjwa anashtuka kama aliyetumbukizwa majini, anakimbilia dirisha. Anadhani ni hewa ya nje iliyomponya. Kilichomponya ni kusimama: damu imeshuka tena miguuni. Hata kukojoa mara kwa mara usiku, ambako hukukutaja lakini ukimuuliza huenda akakubali, kunatokana na maji hayohayo.

Kwa hiyo nikijumlisha pumzi inayokatika kilimani, mito mitatu, kuamka ghafla, miguu kuvimba na presha isiyotibiwa kwa miaka mitatu, ninachokihofia zaidi ni moyo uliochoshwa na presha. Watu huuita moyo mkubwa au moyo kutanuka. Madaktari tunasema moyo kushindwa kufanya kazi, jina baya kwelikweli, kwa sababu anayelisikia hudhani moyo unakaribia kusimama. Maana yake ni kwamba unasukuma chini ya mahitaji ya mwili. Wapo watu wanaoishi miaka mingi na hali hiyo, wanalima na kulea wajukuu, mradi wanatumia dawa zao. Lakini sikuandikii cheti cha ugonjwa kwa barua. Barua haina kifua cha kusikiliza. Nakupa sababu ya kutosubiri.

Turudi kwenye pumu. Ndiyo, inaweza kuanza ukubwani, hata baada ya miaka 50, kwa hiyo aliyewauzia dawa hakusema jambo lisilowezekana. Tatizo ni kwamba si kila mluzi wa kifuani ni pumu. Njia za hewa zikibanwa na maji yaliyojaa pembeni mwake, nazo hupiga filimbi. Madaktari wa zamani waliita hali hiyo pumu ya moyo. Pumu yenyewe kwa kawaida huja na kuondoka: wiki hii mtu mzima kabisa, wiki ijayo kabanwa, na mara nyingi kuna historia ya utotoni, mafua ya mzio, macho kuwasha, au ndugu wenye pumu. Haivimbishi miguu. Kinachoongezeka hatua kwa hatua tangu mwezi wa pili bila kupoa, kikiambatana na uvimbe, hakifanani nayo.

Hukuniambia mama anapikia nini. Nikikisia kuni, kwenye jiko la ndani lisilo na dohani, na mlango umefungwa kwa ajili ya baridi, sidhani kama nakosea sana. Moshi wa miaka arobaini unaweza kuharibu njia za hewa zikaziba polepole, kama zinavyoziba za mvuta sigara, na mwanamke ambaye hajawahi kushika sigara akapata kikohozi sugu na pumzi fupi. Hilo nalo liangaliwe. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, moyo uliochoka na mapafu yaliyofukizwa.

Sasa dawa. Hapa ndipo nina ugomvi kidogo, si na wewe. Hukutaja jina la sindano, lakini zinazochomwa sana kwa mtu anayehema ni za jamii ya steroidi. Hizi hupoza uvimbe wa njia za hewa na kumfanya mgonjwa ajisikie na nguvu, ndiyo zile siku mbili nzuri, halafu zinaufanya mwili ubane chumvi na maji, na presha inapanda. Vidonge vya pumu vya kufungua kifua navyo huufanya moyo ukimbie na mikono itetemeke. Kwa mwenye pumu ni gharama anayoweza kuibeba. Kwa moyo uliochoka ni kumpiga fimbo ng'ombe anayepandisha mkokoteni.

Diklofenaki ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, na ndiyo ambayo hakuna aliyeishuku kwa kuwa ni "ya magoti tu". Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, zinapandisha presha, zinaziambia figo zibane maji, na zinaweza kuziumiza figo zenyewe. Nimelaza wodini wagonjwa wa moyo waliokuwa wametulia kwa mwaka mzima wakaharibikiwa ndani ya wiki mbili kwa sababu ya mgongo na dawa ya kununua. Mama aiache leo. Maumivu yakizidi, parasetamo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti itamvusha hadi aonwe, na hospitali aseme wazi kwamba magoti yanauma ili apate njia nyingine.

Na presha. Kusema alipona baada ya miezi miwili ni kosa ambalo nusu ya mkoa hulifanya, nami simlaumu. Presha haiumi. Kichwa kinachouma mara nyingi hakina habari nayo, na presha ya 190 inaweza kukaa ndani ya mtu anayecheka harusini. Dawa ilipoishusha, ilikuwa inafanya kazi. Alipoiacha, ilirudi, ila haikupiga hodi. Kwa miaka mitatu moyo umesukuma damu kwenye mishipa iliyokaza, kuta zake zikanenepa kama misuli ya mbeba magunia, mwisho zikalegea na kutanuka. Watu husema "ukianza dawa za presha huachi". Ni kweli, wengi hawaachi. Lakini mwambie mama yeye ni mkulima: shamba la kabichi hulipalilii mara moja ukasema limepona magugu.

Ukidhani ana umri mdogo mno kwa ugonjwa wa moyo, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliofuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na presha ndiyo iliyoongoza kwa visababishi, karibu nusu ya wagonjwa wote. Ulaya na Marekani wagonjwa wa aina hii kwa kawaida wamevuka 70. Huku kwetu moyo huchoka mtu akiwa bado anasomesha watoto.

Baridi ya Lushoto haina kesi kubwa hapa. Baridi inaweza kumbana mwenye pumu, na huleta mafua yanayomzidishia mgonjwa wa moyo. Nimeshasikia pia ile hoja ya "hewa ya milimani ni nyepesi". Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Aliyezaliwa huko hewa hiyo haimshindi ghafla akiwa na miaka 58. Mlima ni uleule.

Kuna magonjwa mengine lazima yaangaliwe, nami nayapitia upesi. Damu ikipungua sana, pumzi hukatika kwa sababu damu haina cha kubebea hewa. Angalia ndani ya kope la chini na viganja, kama vimekuwa vyeupe. Kwa mwanamke hemoglobini, kile kipimo cha wingi wa damu, ikiwa chini ya 12 ni pungufu, chini ya 8 ni hatari. Figo zilizoharibiwa na presha huvimbisha miguu pia, na mara nyingi uso asubuhi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku na kukonda ni lazima makohozi yapimwe kifua kikuu, ambacho matibabu yake kwenye vituo vya serikali ni bure. Homa na maumivu ya kuchoma upande mmoja ukivuta pumzi hunipeleka kwenye nimonia. Na kwa kuwa barua hizi husomwa na wengi: mwanamke aliye mwezi wa mwisho wa ujauzito, au aliyejifungua ndani ya miezi mitano iliyopita, akiwa na dalili kama hizi za mama yako, asiambiwe ni uchovu wa kunyonyesha. Moyo hutanuka katika kipindi hicho hata kwa binti wa miaka 25.

Sasa, ni wakati gani hamsubiri hata kesho? Mwambie mdogo wako hivi. Mama akishindwa kumaliza sentensi fupi bila kukatiza kuvuta pumzi, waondoke. Akishindwa kabisa kulala au akitoa makohozi yenye povu, hasa la rangi ya waridi, waondoke. Kifua kikibana kama kimekaliwa, maumivu yakaelekea bega, mkono au taya, akizimia, akianza kuchanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida, jasho la baridi likimtoka, waondoke. Kwa ngozi zetu nyeusi msitafute ubluu usoni, hamtauona: afungue mdomo, mtazame ulimi na fizi, kama vimekuwa vya kijivu au zambarau. Na pumzi iliyokatika ghafla kwa mtu aliyekuwa mzima, hasa baada ya upasuaji, kujifungua, kulala kitandani siku nyingi au safari ndefu, au mguu mmoja tu ukiwa umevimba na unauma, inaweza kuwa damu iliyoganda ikasafiri hadi kwenye mapafu. Hiyo nayo haisubiri kuche.

Kuna kipimo kimoja kisicho na gharama. Mama akiwa ametulia, amekaa, wala hajui anaangaliwa, mdogo wako ashike saa ahesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Asiongee naye, maana mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa hubadilisha. Kwa mtu mzima 12 hadi 20 ni kawaida. Zikizidi 24 akiwa amekaa tu, ni siku hiyohiyo. Zikifika 30, ni saa hiyohiyo.

Kile kifaa cha kubana kidole kilichoenea tangu korona, kinachopima oksijeni ya damu kwa asilimia, ni kizuri, lakini msikiabudu. Kikisoma 95 kwenda juu ni vyema, chini ya 90 ni hatari. Ila rangi ya kucha, piko na vidole vya baridi hukidanganya, na imeonekana pia kwamba kwenye ngozi nyeusi wakati mwingine husoma juu kuliko ukweli. Isitoshe, kinachotufanya tuhisi kukosa hewa mara nyingi si oksijeni kupungua. Bana pumzi sasa hivi: ile hamu ya kuachia inakuja oksijeni yako ikiwa bado nzuri tu. Inayopiga kengele kwenye shina la ubongo ni hewa chafu ya kaboni inayojikusanya, na kwa mgonjwa wa moyo huongezeka taarifa kutoka kwenye mapafu yenyewe kwamba yamekuwa magumu kuvuta. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma 96 na bado akahisi anazama. Asiambiwe anajifanya.

Ulikuwa na mpango wa kumleta Dar. Naelewa, mtoto mkubwa anataka mama awe karibu, na kweli Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko hapo na ndiyo kazi yao. Lakini kumpandisha basi la saa saba au zaidi, miguu inaning'inia, mapafu yamelowa, kabla hajapata hata dawa moja, ni hatari ambayo haina faida. Aanzie hospitali ya wilaya. Zahanati inafaa kupima presha na kumpa rufaa kama ipo jirani, ila isiwe ndiyo mwisho. Hospitalini wanaweza kumsikiliza, kupima mkojo, damu na figo, kupiga picha ya kifua, na kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kubandikwa nyaya kifuani. Hayo yanatosha kuanza tiba. Eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ndiyo itakayoonyesha moyo unasukuma kiasi gani na kama valvu, yaani milango ya ndani ya moyo, zina hitilafu; isipokuwepo pale, waulize wapi iko karibu, na asafiri maji yakiwa yameshamtoka mapafuni. Huenda hapo ndipo likizo yako itakapokuwa na maana.

Siku ya kwenda asipakiwe bodaboda akiwa anahema. Ile barabara ya makona, na mtu hana pa kuegemea. Itafutwe gari, akae wima, miguu chini, dirisha wazi, kanga zilegezwe kifuani. Msimlaze kiti cha nyuma kwa huruma. Dawa zote anazotumia, hata za mitishamba, hata vile vidonge vya presha vya mwaka juzi, viwekwe kwenye mfuko mmoja apelekewe daktari. Asianze tu kuvimeza upya kwa kubahatisha. Nyumbani, kwa siku hizi chache, chumvi ipunguzwe, na mkumbuke magadi ya kwenye maharage na makande: magadi ni sodiamu, ndugu yake chumvi. Dagaa wa chumvi na viungo vya mchuzi vya pakiti vipumzike pia.

Limebaki la oksijeni. Pole kwa shangazi. Wakati wa korona waliowekewa oksijeni walikuwa wale ambao mapafu yalikuwa yameshashindwa, kwa hiyo wengi waliokufa walikufa wakiwa nayo usoni, na kijiji kikaona kifaa, hakikuona ugonjwa. Ni kama kusema mwavuli ndio unaoleta mvua. Mama huenda asihitaji kabisa; mgonjwa anayefika akitembea kwa miguu yake mara nyingi hupewa dawa ya kukojosha na za kushusha presha, akalala usingizi wa kawaida siku chache baadaye. Wanaohitaji oksijeni ni hasa waliochelewa kwa kuiogopa.

Kumshawishi ni kazi yako, si ya mdogo wako, maana mtoto aliye nyumbani mara nyingi hasikilizwi. Mpigie wewe. Usianze na moyo. Mwulize kuhusu magoti, mwambie ile dawa imepigwa marufuku na daktari na lazima apewe nyingine, na kwamba wakiwa huko watapima presha. Yote hayo ni kweli, humdanganyi. Halafu mwulize, taratibu, ni lini mara ya mwisho alilala chali.

Na umwambie mdogo wako anunue daftari. Kila siku aandike mama amelalia mito mingapi, na presha kila inapopimwa. Wakipata mizani, uzito wa asubuhi kabla ya chai: ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, warudi hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Mwezi wa nane ukifika, uombe daftari hilo kabla hujaomba chakula.